Saini ya mzazi haimlindi mtoto mtandaoni

Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, yanapotangazwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, barabara za Kampala hujaa sura za watoto. Shule hutundika mabango yenye picha za wanafunzi wa miaka 12 na 13, kila picha na jina kamili, jina la shule na alama. Aliyepata jumla ya 4, ambayo ndiyo ya juu kabisa, huwekwa katikati na kukuzwa kuliko wenzake. Picha hizo hizo hupanda kwenye kurasa za shule za Facebook na TikTok, huzunguka katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi, na huingia magazetini, ambayo nayo yana tovuti zisizosahau kitu. Mwenye namba ya mtahiniwa anaweza pia kutuma ujumbe mfupi kwenda 6600 na kuletewa matokeo, awe ndugu wa mtoto au mtu baki. Na namba zenyewe zinafuatana, namba ya kituo kisha ya mtahiniwa, hivyo kubahatisha si kazi ngumu. Watu hawaoni ubaya wowote. Ni furaha ya familia, na kwa shule binafsi ni biashara ya mwaka mzima. Ila kwa macho ya sheria, huko ni kutangaza taarifa binafsi za watoto kwa wingi, na anayetangaza hana wasiwasi wowote kwa sababu anaamini ana ruhusa.

Sheria zenyewe si haba. Katiba ya 1995 inalinda faragha ya kila mtu katika ibara ya 27. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 1994, na yote miwili inakataza faragha ya mtoto isiingiliwe kiholela. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, ambayo Rais Yoweri Museveni aliitia saini Februari 25, 2019. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo, kama ilivyopitishwa, kinasema taarifa za mtoto zisikusanywe wala kuchakatwa ila kwa moja ya sababu tatu: mzazi au mlezi ameridhia kabla, au sheria inalazimu, au ni kwa ajili ya utafiti na takwimu. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba kila anayekusanya taarifa awe na njia ya kujua umri wa mtu, na akiwa mtoto, njia ya kupata ridhaa ya mzazi. Katika nchi ambayo sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, nusu yao hivi wakiwa chini ya miaka 18, kifungu hicho kimoja kinagusa watu zaidi ya milioni 20. Hoja ya makala haya ni kwamba kifungu hicho kimemtwika mzigo mtu asiyeweza kuubeba. Mzazi ndiye aliyefanywa mlinzi wa mlango, wakati anayejua kilichomo ndani, anayefaidika nacho na anayeweza kukizuia ni yule anayekusanya. Wajibu ungepaswa kuanzia kwake.

Tuanze na ridhaa yenyewe. Sheria ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, mahususi, ya mtu aliyeelezwa, na isiyo na utata. Masharti mazuri. Sasa chukua fomu ya kujiunga na shule, yenye mstari unaosema kwamba mzazi anakubali picha na taarifa za mtoto zitumike katika shughuli za shule. Mzazi aliyehangaika wiki nzima kutafuta nafasi, na ambaye ameshalipa ada ya muhula, hatakataa kusaini kwa sababu ya mstari mmoja. Hata akitaka kukataa, hana mahali pa kuandika kwamba anakubali picha ya darasa ila hakubali bango la barabarani wala video ya TikTok. Anachosaini ni kifurushi kizima. Shule nayo huihifadhi karatasi hiyo kwenye faili, na miaka mitano baadaye, mtoto akiwa amekuwa mtu mwingine kabisa, inaendelea kuitumia kama cheti cha umiliki.

Mashirika ya ufadhili yana jambo zito zaidi, na kwa bahati mbaya halizungumzwi sana kwa sababu yanafanya mema. Uganda ina mashirika mengi yanayowatafutia watoto wafadhili Ulaya na Marekani, na chombo chao kikuu cha kazi ni wasifu wa mtoto: jina, umri, picha, wilaya anakotoka, baba alikufa kwa nini, mama anaumwa nini, nyumbani wanakula mara ngapi kwa siku. Mara nyingi mengi ya hayo huwekwa kwenye tovuti ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Mjane wa mtaa wa Bwaise, Kampala, anayeambiwa asaini ili mwanawe alipiwe ada hana hiari ya kuzungumzia. Ameombwa kuchagua kati ya shule na faragha, na mzazi mwenye akili atachagua shule. Sheria ikisema kwamba saini hiyo inatosha, basi faragha imekuwa haki ya watoto wa wenye nacho, na umaskini wa mtoto ndio unaohalalisha kuanikwa kwake.

Kwenye simu ridhaa inazidi kuwa jina tu. Watoto wengi wa Kampala huingia mtandaoni kwa simu ya mama au ya kaka, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mzima na akaunti ya mtu mzima. Kwa kampuni, anayetazama katuni saa tatu mfululizo ni mwanamke wa miaka 34, ingawa tabia yake yote inaonyesha kwamba ni mtoto, na mashine za kampuni hizo zina uwezo wa kulitambua hilo. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko popote duniani, waliojiweza walihamia kwenye masomo ya mtandaoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusomea. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa programu na tovuti zaidi ya 160 za masomo zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la korona, likakuta kwamba asilimia 89 zilikuwa na mwenendo uliohatarisha au kukiuka haki za watoto katika kushughulikia taarifa zao. Zilipendekezwa na serikali zenyewe. Mzazi ambaye wizara imemwambia tumia hiki angekataa kwa kutegemea elimu gani, na mtoto akasome wapi?

Wanaotetea ridhaa husema dawa ni kuhakiki umri kwa ukali. Kanuni za 2021 zinaelekea huko, ila hazisemi uhakiki ufanyweje. Njia rahisi ni kumuuliza mtoto alizaliwa lini, naye ataandika 1995 bila kupepesa jicho. Njia ngumu ni kudai namba ya kitambulisho cha taifa au picha ya uso, yaani kumlinda mtoto asitoe taarifa ndogo kwa kumdai taarifa kubwa zaidi, na pamoja naye kila mtu mzima, maana huwezi kumjua asiye na miaka 18 bila kuwakagua wote. Australia ilianza Desemba 10, 2025 kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Wenye taasisi imara waendelee na jaribio lao. Kwetu, sharti kama hilo lingeishia kuwa ghala jingine la vitambulisho mikononi mwa kampuni za kigeni. Tena kuna jambo la Uganda lenyewe. Facebook imefungwa tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na wanaoitumia huingia kwa VPN, programu inayoficha mahali mtumiaji alipo. Mtoto wa mtaa wa Ntinda, Kampala, anayefungua VPN ya bure huonekana kama mkazi wa Uholanzi, na kampuni ya VPN asiyoijua jina huona njia yake yote. Serikali iliyowafundisha vijana wake kuificha nchi yao haiwezi kesho kutegemea ukaguzi unaoanza kwa kuuliza uko nchi gani.

Historia ya Marekani inaonyesha njia ya ridhaa inaishia wapi. Sheria yao ya faragha ya watoto mtandaoni ni ya 1998 na iliwekwa juu ya ridhaa ya mzazi kwa walio chini ya miaka 13. Kampuni nyingi ziliitikia kwa kuandika kwamba huduma ni ya waliotimiza 13, watoto wakajifunza kudanganya, na kazi ikaishia hapo. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto waliokuwa wakitazama chaneli za watoto, zaidi ya miaka 20 baada ya sheria kupitishwa. Uingereza ilichukua njia nyingine. Kanuni yake ya muundo unaofaa umri, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Septemba 2021, inaitaka kampuni ijiulize kwanza kama huduma yake yaelekea kutumiwa na watoto, na kama ni hivyo, mipangilio ya faragha iwe juu tangu mwanzo, eneo alipo mtoto lisifuatiliwe, na kisichohitajika kisikusanywe. Ireland nayo, Septemba 2023, iliitoza TikTok faini ya euro milioni 345, na sababu mojawapo ni kwamba akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa umma tangu zinapofunguliwa. Hapo kosa lilikuwa katika namna chombo kilivyoundwa, na saini ya mzazi isingelifuta.

Msomaji makini atanikumbusha Kenya. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Si ushahidi kwamba ridhaa inafanya kazi? Ni ushahidi kwamba mdhibiti mwenye nia anafanya kazi, na Uganda ina la kujifunza hapo. Lakini fikiria mwenye shule anayesoma habari ile asubuhi akinywa chai. Hatalazimika kuziondoa picha. Ataongeza mstari kwenye fomu ya kujiunga, wazazi watasaini, na picha zile zile zitakuwa halali. Adhabu iliyojengwa juu ya ridhaa huwafundisha wakusanyaji kukusanya saini. Kenya yenyewe, katika kifungu cha 33 cha sheria yake ya 2019, inadai ridhaa ya mzazi na papo hapo inadai uchakataji uwe wa kulinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Sharti hilo la pili ndilo lenye uzito, na kifungu cha 8 cha Uganda hakina neno kama hilo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wazazi. Mtoto ni wetu, wanasema. Anayejua linalomfaa ni baba na mama, si ofisi ya serikali. Ni kweli kwamba Mkataba wa Afrika wenyewe, katika ibara ya 10, unawapa wazazi haki ya kusimamia mwenendo wa mtoto kwa busara. Lakini kusimamia si kuuza. Katiba ya Uganda imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, na hakuna saini ya baba inayoweza kuushusha. Sheria inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari, hata mzazi akiomba. Tumekwisha kukubali, basi, kwamba yapo mambo ambayo mzazi hana mamlaka ya kuyaridhia kwa niaba ya mwanawe. Kutengeneza kumbukumbu ya kudumu ya ugonjwa, umaskini au kufeli kwake, ikae wazi duniani kabla hajajua kusoma mkataba, linastahili kuwa mojawapo.

Upande wa pili, kuna wakati ridhaa ya mzazi humdhuru mtoto moja kwa moja. Msichana wa miaka 16 anayepiga simu ya bure ya kuwasaidia watoto iitwayo Sauti, 116, kueleza kwamba anapigwa au ananajisiwa nyumbani, anatoa taarifa binafsi. Kifungu cha 8 kikisomwa kama kilivyoandikwa, mpokeaji wa simu anatafuta kimbilio katika ile sababu ya pili, kwamba sheria inamlazimu, kwa kuwa wa kutoa ridhaa ndiye mshukiwa. Huenda kimbilio hilo likatosha kwa huduma ya serikali. Kwa tovuti ya shirika dogo linalotoa ushauri wa afya ya uzazi au la vijana walioathirika na virusi vya Ukimwi, halitoshi. Sheria inamchukulia kijana wa miaka 17 na miezi 11 sawa na mtoto mchanga. Maoni ya Jumla namba 25 ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, yaliyotolewa 2021, yanazitaka nchi zizingatie uwezo wa mtoto unaokua. Hapa kwetu umri unakua, na sheria imesimama.

Sababu ya tatu, utafiti na takwimu, nitaipitia haraka kwa kuwa kasoro yake iko wazi: haina sharti. Hapo haikutajwa kuondoa majina wala idhini ya kamati ya maadili. Kampuni yoyote inayopima tabia za wateja inaweza kusema inafanya takwimu.

Wanaharakati wa uhuru wa kujieleza wana hofu nyingine, na haifai kupuuzwa. Wanasema Uganda kila ikitunga sheria ya mtandao kwa jina la watoto, anayekamatwa ni mwandishi au mkosoaji. Wana kumbukumbu. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyowasilishwa na Muhammad Nsereko, wakati huo mbunge wa Kampala Kati, na rais akayatia saini Oktoba mwaka huo. Pamoja na makosa yaliyolenga maneno ya chuki na habari ovu, yaliweka kosa la kutuma taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi, ukiacha sababu chache, na adhabu ya faini hadi shilingi milioni 15 au kifungo hadi miaka saba. Kesi za kuyapinga zilifikishwa Mahakama ya Katiba, mahakama ambayo Januari 2023 ilikuwa imekifuta kifungu cha 25 cha sheria mama ya 2011 kuhusu mawasiliano ya kuudhi. Linganisha mizani: mtu mmoja aliyesambaza picha ya mtoto aliwekewa hadi miaka saba ya jela, wakati kampuni inayovunja Sheria ya Data hatari yake kubwa ni kutozwa asilimia mbili ya mapato yake ya mwaka. Hofu ya wanaharakati inaunga mkono hoja yangu. Sheria inayomfuata mtu mmoja mmoja kwa kukosa ridhaa ni panga la kumkata yeyote. Sheria inayoipa taasisi wajibu ulioandikwa wazi, yaani usikusanye hiki, usichapishe kile, futa baada ya muda huu, haina makali ya kumgeuzia mwanablogu.

Je, kampuni kubwa zitasikiliza Kampala? Hilo lilikuwa swali la haki hadi Julai 18, 2025, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ilipotoa uamuzi kwamba Google, ingawa haina ofisi ya kukusanyia taarifa hapa, inakusanya taarifa za Waganda na hivyo inabanwa na sheria ya Uganda. Ikaamriwa ijisajili ndani ya siku 30 na ieleze inavyozingatia sheria inapozipeleka taarifa nje ya nchi. Mapema 2021, NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ilikuwa imeikuta SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda, ikiwapa wengine taarifa za wateja wake bila kuwaeleza ipasavyo. Uwezo upo, basi, japo mwembamba. Kinachotia shaka ni uhuru wa mdhibiti. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliundwa chini ya NITA-U, wakati serikali ndiyo mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa taarifa za watoto: NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili wa watu, ilianza mwaka 2017 kuwasajili wanafunzi kuanzia miaka mitano mashuleni, na Wizara ya Elimu inampa kila mwanafunzi namba yake katika mfumo wa taarifa za elimu. Yote haya hupita katika mlango wa "sheria inalazimu", mzazi haulizwi, na anayepaswa kuhoji analipwa na anayehojiwa.

Bunge linaweza kukiandika upya kifungu cha 8 bila kutunga sheria mpya. Maslahi bora ya mtoto yawe sharti la kwanza kwa kila mkusanyaji, serikali ikiwemo, ridhaa ya mzazi ifuate, na ridhaa hiyo isiweze kuhalalisha matangazo ya biashara wala wasifu wa mtoto unaoonekana na kila mtu. Wenye umri wa kutosha kuelewa wapewe sauti yao, na huduma za ushauri na ulinzi zisifungwe kwa saini ya mzazi. Utafiti uwekewe masharti. Hayo yakisubiriwa, UNEB inaweza kudai kitu cha ziada kando ya namba ya mtahiniwa kabla ya kutoa matokeo kwa simu, na shule zinaweza kusherehekea kwa idadi ya waliofaulu bila nyuso na majina. Mwananchi naye hana haja ya kusubiri. Sheria ya 2019 inamruhusu mtu yeyote anayeamini kwamba imevunjwa kupeleka malalamiko kwa mdhibiti. Shauri la Google lilifunguliwa na Waganda wanne tu, na kumlalamikia anayeanika taarifa za mtoto si lazima uwe mzazi wake.